Usimuulize anajisikiaje kabla hujajua mkewe yuko wapi

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa ya usiku, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi kijiji cha Gendabi na mji mdogo wa Katesh, mkoani Manyara. Idadi ya vifo iliyotangazwa ilipanda siku hadi siku mpaka ikapita 80. Waliopoteza makazi walihifadhiwa mashuleni, na mimi kama muuguzi wa afya ya akili nilikutana nao huko, madarasani, madawati yakiwa yamesukumwa ukutani.

Mtu wa kwanza niliyeelekezwa kwake alikuwa baba wa makamo ambaye hakuwa amelala siku mbili. "Huyu akili imeshamtoka, mwangalie," wenzake waliniambia. Alikuwa amekaa mlangoni mwa darasa, viatu miguuni, na kila gari lililosimama alinyanyuka. Nikakaa naye sakafuni. Tulinyamaza kwa muda, kisha nikamuuliza anahitaji nini saa ile.

"Nijue mke wangu kapelekwa hospitali gani."

Simu yake ilikuwa imezama kwenye tope, na namba zote zilikuwa ndani ya simu. Siku hizi nani ana namba kichwani? Kazi yangu ya asubuhi ile ikawa kutafuta mtu wa kijijini kwao mwenye namba ya shemeji yake, kupiga, kukata, kupiga tena. Mwishowe tukampata mkewe: yuko wodini, mguu umevunjika, anaongea. Baba yule alizungumza na mkewe dakika chache, akavua viatu, akalala mpaka saa kumi jioni. Sikumpa kidonge hata kimoja.

Natamani kila anayekimbilia kwenye maafa akiwa amevaa kizibao cha ushauri nasaha amfikirie baba huyu. Mtu aliyenusurika jana, ambaye halali, analia, anashtuka na hataki kula, mara nyingi hana ugonjwa wa akili. Mwili na moyo wake vinaitika jambo zito kama inavyopasa. Wengi hupata nafuu wenyewe iwapo watapata usalama, taarifa za kweli na watu wao. Asipopata hayo, utamshauri hadi jua lizame na usiku atabaki macho.

Hili halikuanza na mimi. Mwaka 2007 kamati ya pamoja ya mashirika ya misaada, IASC, ilitoa mwongozo wa afya ya akili na msaada wa kisaikolojia na kijamii wakati wa dharura, na ndani yake imo piramidi ambayo sisi wa fani hii tunaijua. Chini kabisa, pale pana, kuna chakula, maji, makazi na ulinzi, vitolewe kwa namna inayomwachia mtu heshima yake. Juu yake kuna familia na jamii. Halafu wanafuata wanaohitaji mtu aliyefundishwa wa kukaa nao kwa utaratibu, na kwenye ncha ndogo juu ndipo wanapokuja daktari wa akili na dawa. Maafa yakitokea sisi huanza kuijenga kutoka juu. Tunauliza wanasaikolojia wangapi wamefika, na hatuulizi kama choo cha wanawake kina mlango na taa. Mama asiyeweza kwenda chooni usiku bila hofu hawezi kutulia, hata umletee mtaalamu kutoka Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma.

Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na maneno yake matatu anaweza kuyashika mgambo, mwalimu au mama lishe: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani yuko hatarini na nani yuko peke yake. Sikiliza bila kuchimba. Muunganishe na ndugu, na huduma, na taarifa. Pale kwenye kuchimba ndipo tunapoumiza watu.

Nisimulie hili, kwa sababu bado linaniuma. Kulikuwa na binti wa miaka kama tisa. Kundi la kwanza la wasamaria wema lilimkalisha na wenzake duara, kila mtoto aeleze alichokiona. Likaja la pili, likawagawia karatasi wachore tope. La tatu likaja na kamera. Lilipofika la nne, mtoto aliona tu rangi ya kizibao akaingia chini ya dawati. Nilikuwa na kizibao cha rangi hiyohiyo. Nilikivua nikakiacha nje, na bado ilichukua siku tatu kabla hajakubali kucheza rede nikiwa uwanjani.

Waliokuja walikuwa na nia njema, siwasemi kwa ubaya. Lakini kumtaka mtu asimulie mkasa wote kwa kikao kimoja ili "autoe moyoni" ni jambo ambalo Shirika la Afya Duniani halishauri, kwa sababu halizuii madhara ya baadaye. Halishauri pia kumpa mtu diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa ajili ya mshtuko wa mwezi wa kwanza. Anayetaka kuongea, msikilize hata usiku kucha. Asiyetaka, mpelekee maji, kaa karibu.

Na wapo wanaohitaji dawa kweli, ambao hakuna anayewatafuta. Usiku mmoja kijana alianguka na kutoka povu. Darasa zima likasema ni tukio limemchanganya, wengine wakasema mashetani ya mlima. Nikamuuliza mama yake: alikuwa anakunywa dawa yoyote kabla ya haya? "Vidonge vyeupe, viko kwenye kikopo. Kikopo kimekwenda na nyumba." Kijana alikuwa na kifafa cha miaka mingi, na dawa za kifafa ukizikata ghafla, degedege hurudi kwa nguvu na inaweza kuua. Tangu siku ile swali langu la kwanza kwenye kila kambi ni nani alikuwa anakunywa dawa za kifafa au za akili, na zimebaki za siku ngapi.

Lugha nayo ni dawa. Bibi mmoja Mbarbaig alikuwa haongei na mtu, akaandikwa kwenye orodha ya "walioathirika sana". Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaniangalia tu. Mjukuu wake alipokuja, akamsemesha kwa Kidatoga, lugha yao, bibi alizungumza bila kupumua kwa nusu saa. Alikuwa hajakutana na mtu wa kumwelewa tangu Jumapili.

Alichotaka kilikuwa mazishi. Nduguye alikuwa bado hajaonekana, na bila mwili hakuna mahali pa kuweka msiba. Hapo mimi sina ujuzi unaozidi wa wazee wa ukoo, padri au shehe. Kazi yangu ilikuwa kuomba wapewe kona ya kukaa matanga, na kuomba pia wanawake waachwe wapike badala ya kugawiwa chakula kilichokwisha kufungashwa. Mama aliyeshika mwiko ana watu wa kuwalisha na ana sababu ya kuamka. Niliona nyuso zikibadilika siku sufuria kubwa zilipofika.

Mvua ndiyo ilibaki. Miezi baadaye, kamera zimeondoka, mama mmoja alinipigia: wingu likitanda mlimani wanawe wanapiga kelele, mdogo ameanza kukojoa kitandani. Nilimwambia asiwacheke wala asiwaambie hakuna cha kuogopa, kwa kuwa kipo na wanakijua. Awaambie ukweli wa mahali wanapokaa sasa, waonyeshane njia ya kutokea, kisha kila mtoto awe na kazi yake mvua ikianza. Mkubwa akaambiwa aanue nguo. Mdogo alipewa kuku, wote watano wawe ndani kabla mlango haujafungwa.

Akanipigia tena baada ya wiki mbili. Ilikuwa imenyesha kutwa. Kuku wote walikuwa ndani, na mdogo alikuwa amewahesabu mara tatu.