Kusaka washambuliaji chipukizi wa hoki ya barafuni: skauti hutazama nini?

Kusaka vipaji vya washambuliaji katika hoki ya barafuni ni kumtazama kijana wa miaka 16 au 17 na kukadiria atachezaje akifika miaka 23, atakapokabwa na wanaume wenye nguvu na wepesi kuliko vijana anaokutana nao sasa. Anayefanya kazi hiyo ni skauti. Mabao hayampeleki uwanjani, kwa sababu orodha ya wafungaji angeisoma akiwa nyumbani.

Kila timu huwa na watu 6 barafuni: kipa, mabeki 2 na washambuliaji 3, yaani senta na mawinga wawili. Mechi ina vipindi 3 vya dakika 20. Mbio za barafuni huchosha haraka, kwa hiyo mchezaji huingia kwa zamu fupi, mara nyingi isiyofika dakika moja, kisha hurudi benchi na safu nyingine ikachukua nafasi. Skauti humchagua mmoja na kumkodolea macho zamu nzima, hata kisahani cha mpira mgumu kinachogombewa kikiwa upande wa pili wa uwanja. Sisi wengine hufuata kisahani. Yeye akikifuata, ataondoka bila kujua chochote kipya.

Swali lake la kwanza ni umri, tena kwa tarehe. Vijana wengi wanaosakwa hucheza katika ligi 3 za vijana za Kanada, yaani OHL, WHL na QMJHL, au USHL ya Marekani, au timu za vijana za klabu za Uswidi, Finland na kwingineko Ulaya. Wote wanatazamia drafti ya NHL, ligi kuu ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, ambako timu 32 huchagua wachezaji katika raundi 7. Kijana anayetimiza miaka 18 ifikapo Septemba 15 anaweza kuchaguliwa mwaka huo; aliyezaliwa siku moja baadaye husubiri drafti ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo wawili wanaosubiri drafti moja wanaweza kupishana karibu mwaka mzima, na katika umri huo mwaka ni kilo kadhaa za misuli.

Hapo ndipo mabao yanapodanganya. Kijana aliyekomaa mwili mapema huwasukuma wenzake na kufika golini kwa ubavu tu. Mwingine hufunga kwa sababu senta wake ni hodari kuliko wote kwenye ligi, au kwa sababu hupangwa kila mara wapinzani wanapopungukiwa mtu aliyefungiwa kizimbani kwa adhabu. Skauti huliangalia bao na kujiuliza: nafasi ile ingepatikana mbele ya mabeki wakubwa?

Tuchukue tukio dogo, la sekunde mbili hivi. Winga amesimama karibu na ukuta katika eneo la timu yake, na beki wake anamletea kisahani kikiambaa ukuta. Beki wa wapinzani anamjia kwa kasi, na kugongana mwili kunaruhusiwa. Winga wa kwanza anakitazama kisahani hadi kinagusa gongo lake, anainua kichwa, anakuta bega la mtu kifuani. Kisahani kimepotea. Winga wa pili, kabla hakijamfikia, ametupa jicho nyuma ya bega mara mbili. Anajua senta yuko wapi na beki anatokea upande gani, kwa hiyo anakigusa mara moja tu kuelekea katikati. Anagongwa vilevile, lakini timu yake tayari inashambulia. Hakuna takwimu ya bao wala asisti itakayoandikwa kwa tukio hilo, ila kwenye daftari la skauti linastahili mstari mzima.

Kinachofuata ni miguu: anavyoondoka kutoka kusimama, anavyokata kona bila kupoteza mwendo, anavyopunguza kasi ili beki ajichanganye. Halafu hatua zake tatu za kwanza baada ya kupokonywa kisahani. Je, anageuka papo hapo kurudi kukaba, au anainua mikono kumlalamikia mwamuzi? Kwa maoni yangu kasi huongezeka kwa mazoezi kuliko jicho la kusoma mchezo, na ningemchukua winga wa pili hata kama ana mabao machache.

Detroit Red Wings, timu ya NHL, walifaidika na jicho la namna hiyo. Mwaka 1998 walimchagua Mrusi Pavel Datsyuk akiwa wa 171, baada ya timu zote kumpita katika drafti mbili za nyuma. Mwaka 1999 wakamchukua Msweden Henrik Zetterberg akiwa wa 210. Wote wawili walipendekezwa na skauti wao Håkan Andersson. Wakatwaa pamoja Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, mwaka 2008, na Datsyuk akashinda mara 3 tuzo ya Selke, inayotolewa kwa mshambuliaji bora katika kukaba.

Mechi moja haitoshi, na ya pili ni vizuri iwe ya ugenini. Mchezo unaposimama, kocha wa nyumbani ndiye mwenye haki ya kubadilisha wachezaji mwisho, kwa hiyo anaweza kumkinga kijana wake na mabeki wagumu. Ugenini kinga hiyo haipo: kocha mwenyeji humpangia kijana huyo mabeki wake bora, na skauti hupata kumwona akikabwa na watu wanaokaribia kiwango cha atakaokutana nao baadaye.