Eti ufundi ni wa waliofeli?

Kuna hii imani ya siku nyingi kwamba ukimaliza form four ukaenda kujifunza ufundi basi umefeli, na ukishashika spana ndo shule imeishia hapo. Inaeleweka ilikotoka, wengi tumekua tukiona dogo anapelekwa gereji matokeo yakitoka mabaya.

Ila uanagenzi ni kujifunza kazi ukiwa kazini chini ya fundi, mara nyingi na darasa humo humo. Fundi umeme anapiga hesabu kila siku, waya mwembamba wa 1.5 mm² wa kwenye taa ukiufungia jiko la umeme, waya utaungua tu (hapo ndo utaikumbuka fizikia). Na Tanzania vyeti vya ufundi stadi vina ngazi 3, hata aliyejifunzia mtaani anaweza kupimwa ujuzi wake akapata cheti.

Usiishie kwangu, nenda chuo cha ufundi cha karibu uulize sifa za kujiunga, soma matangazo ya kazi uone wanataka cheti gani, halafu kaa na fundi umuulize alianzaje. Na kabla hujamlipa fundi akufundishe, uliza kama kuna mkataba, maana wengine watakufagilisha karakana mwaka mzima.