Zawadi ya Pennsylvania, msiba wa Alabama

Septemba 2010, tajiri wa gesi aitwaye Terry Pegula alikipa chuo alichosoma, Penn State, dola milioni 88 za kujenga uwanja wa barafu na kuanzisha timu ya hoki ya daraja la juu. Mei 2021, Chuo Kikuu cha Alabama kilichoko Huntsville kikasimamisha timu yake ya hoki. Wapo waliomlaumu mkuu wa chuo, wapo walioilaumu korona. Mimi kazi yangu ni kupanga safari na bajeti za timu katika chuo kidogo huku kaskazini mwa Marekani, na nikiulizwa timu ile ilikufaje, naanza na ile hundi ya Pennsylvania.

Aliyezoea Ligi Kuu yetu inabidi kwanza asahau habari ya kushuka daraja. Huku timu haishuki kwa kufungwa. Unaweza kushika mkia miaka ishirini ukabaki pale pale, mradi wenzako wanakutaka na chuo kinalipa. Na unaweza kubeba kombe leo, kesho ukajikuta huna ligi. Ligi ya vyuo ni kama chama cha kufa na kuzikana: wanachama wanaingizana wenyewe, wanatoana wenyewe, na saba wakiamua kuhama kwa pamoja, msiba ni wa waliobaki.

Namba ya kukumbuka ni sita. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kinataka ligi iwe na vyuo visivyopungua sita ndipo bingwa wake apate tiketi ya moja kwa moja ya mashindano ya taifa. Ikipungua hapo inapewa miaka miwili ya kujikusanya. Bila tiketi hiyo, kocha anayezunguka kusaka vijana hana la kuwaambia wazazi.

Hoki nayo ina maajabu yake. Haina mashindano ya taifa ya Daraja la Pili. Yalifutwa baada ya 1999. Kwa hiyo chuo ambacho kwenye mpira wa kikapu ni cha Daraja la Pili, kwenye hoki kinaweza kucheza Daraja la Kwanza, ambalo huku ndilo la juu kabisa, na kukutana na chuo kikubwa kama Michigan uso kwa uso. Lake Superior State, chuo kidogo kabisa kilichoko mpakani na Kanada, kimetwaa ubingwa wa taifa mara tatu: 1988, 1992 na 1994. Hakuna mchezo mwingine mkubwa wa vyuo huku ambao kijiji kinaupiga mji mara kwa mara namna hiyo.

Ule urafiki wa kijiji na mji ndio uliovunjwa. Kabla ya Pegula, ligi ya Big Ten, yenye vyuo vikubwa na chaneli yake ya televisheni tangu 2007, ilikuwa na vyuo vitano tu vinavyocheza hoki: Michigan, Michigan State, Ohio State, Minnesota na Wisconsin. Vitano si sita. Kwa hiyo vilikuwa vimetawanyika katika ligi mbili, CCHA na WCHA, pamoja na vyuo vidogo, na Michigan ikienda ugenini uwanja wa mwenyeji ulijaa pomoni. Mapato ya wikendi moja kama hiyo yalikuwa yanaziba mashimo mengi. Penn State ilipopata uwanja, ikawa ya sita. Machi 2011 Big Ten ikatangaza ligi yake ya hoki, kuanzia msimu wa 2013-14.

Wa kati wakaona wataachwa na maganda. Julai mwaka ule ule Denver, North Dakota, Minnesota Duluth, Colorado College, Omaha na Miami ya Ohio wakatangaza ligi yao mpya, NCHC, kisha wakawachukua St. Cloud State na Western Michigan. Notre Dame ikaenda zake mashariki. CCHA ikafa 2013. WCHA ikabaki kuwa kapu la mabaki: timu kumi, saba za vyuo vidogo vya majimbo ya Michigan, Minnesota na Ohio, mbili za Alaska, na moja ya Alabama.

Hebu fungua ramani. Kutoka Anchorage hadi Huntsville ni zaidi ya kilomita 5,000 kwa ndege, na hao walikuwa ligi moja. Hoki ya vyuo huchezwa mechi mbili mfululizo, Ijumaa na Jumamosi, kwa sababu hakuna anayeweza kusafirisha kundi lile kwa mechi moja. Hesabu wachezaji ishirini na sita, makocha, mtaalamu wa tiba, mtu wa vifaa. Kila mchezaji ana begi linalotosha kumficha mtoto wa darasa la tatu, na lililolowa jasho usiku wa mechi ya kwanza halijakauka kesho yake. Kipa ana begi lake na furushi la vifaa vya miguuni. Magongo yanafungwa pamoja na shirika la ndege linayatoza kama mzigo wa ziada. Ukienda Ohio kwa basi, hayo yote yanaingia chini ya viti na nauli ni ile ile. Ukienda Alaska, kila kilo ina bei, na mwanafunzi anakosa vipindi tangu Jumatano. Vyuo vya Alaska vilikuwa vikichangia nauli za wageni ili visichokwe. Mtu akishaanza kulipa ili atembelewe, ujue uhusiano umeshalegea.

Juni 2019 wale saba wasio wa Alaska wala Alabama wakatangaza kwamba watajitoa. Saba ni zaidi ya sita, kwa hiyo hawakumhitaji mtu. Walilifufua hata jina la CCHA, wakaanza nalo 2021. Waliobaki kwenye WCHA ya wanaume ni watatu: Alaska Fairbanks, Alaska Anchorage na Alabama Huntsville.

Huntsville naisemea kwa uchungu, na siyo kwamba nina ndugu pale. Ni mji wa maroketi, kusini kabisa, ambako mtoto hukua hajaona ziwa limeganda. Timu ilitwaa ubingwa wa taifa wa Daraja la Pili 1996 na 1998, halafu daraja lenyewe likafutwa. Ikaingia ligi ndogo ya CHA. Mwaka 2007 ilifika mashindano makuu na kuisukuma Notre Dame hadi muda wa nyongeza wa pili kabla ya kufungwa 3-2. CHA ikafa 2010. Huntsville ilikuwa imeshaomba kuingia CCHA ya zamani, ikakataliwa, ikacheza miaka mitatu bila ligi, ikizunguka nchi nzima kuomba mechi. Kipa wake wa miaka ya mwisho ya CHA, Cam Talbot, akaenda kudaka kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya kulipwa. WCHA ikawapokea 2013 kwa sababu nayo ilikuwa inahitaji watu. Mei 2020 chuo kikatangaza kuifuta timu. Mashabiki wakachanga zaidi ya dola 500,000 ndani ya siku chache na timu ikarudishwa. Lakini mchango hununua msimu, haununui majirani. Mwaka mmoja baadaye bado hakukuwa na ligi iliyofungua mlango, na timu ikasimamishwa.

Anchorage ilipona, na kupona kwake kunanifundisha zaidi. Mwaka 2020 chuo kiliamua kufuta hoki, bodi ikasema timu itabaki iwapo zitapatikana gharama za miaka miwili, yaani dola milioni 3. Walizipata Agosti 2021 na wakarudi uwanjani 2022. Wao na Fairbanks sasa wanacheza bila ligi. Tofauti yao na Huntsville ni kwamba Alaska hoki ni mchezo wa nyumbani. Mji mzima ulijua ungekosa nini.

Usidhani basi kwamba ushindi ungeweza kuwakinga. American International College, chuo kidogo cha Springfield, Massachusetts, mwaka 2019 kiliifunga St. Cloud State 2-1 wakati St. Cloud ndiyo iliyopangwa namba moja nchi nzima. Novemba 2024 kikatangaza kwamba hoki yake inatoka Daraja la Kwanza, gharama hazibebeki. Robert Morris, karibu na Pittsburgh, ilifuta timu zake mbili Mei 2021, miezi miwili baada ya wanawake wake kucheza mashindano ya taifa. Watu wakachanga, na timu zikarudi 2023.

Huku kwetu, Daraja la Tatu, hesabu ni nyingine kabisa, na hata wakurugenzi wa fedha huikosea. Haturuhusiwi kumpa mtu ufadhili kwa sababu ya mchezo. Mchezaji analipa ada kama mwenzake, ikipunguzwa kwa ufaulu au uhitaji. Kwa hiyo timu ni wavu wa kuvulia wanafunzi. Tuseme wachezaji 28, na kila mmoja baada ya punguzo anakiachia chuo dola 20,000 kwa mwaka: hizo ni dola 560,000. Anayesema tufute hoki tuokoe laki tatu, amehesabu gharama, hajahesabu vitanda vya bweni vitakavyobaki vitupu. Vijana hawa hawakuja kwa ajili yetu, walikuja kucheza. Ukifunga, wanahama.

Upande wa pili wa daftari ni barafu. Ijumaa usiku, wakati wa mapumziko, huwa nasimama pembeni mashine ile kubwa ikipita: inanyoa barafu iliyochanika, nyuma yake inamwaga maji, na maji yenyewe ni ya moto, mvuke unapanda. Mgeni hushangaa. Maji ya moto hushikana vizuri na barafu ya chini na uso unakuwa laini kama kioo. Mitambo ya kugandisha inanguruma usiku na mchana, mechi iwepo isiwepo. Mkimbiaji kutoka Iten chuo kinamnunulia viatu, barabara ni ya serikali. Hoki ina bili ya umeme hata Krismasi.

Na wavu mzuri hauokoi mtumbwi uliotoboka. Becker ilifunga milango 2021, Finlandia 2023, Northland 2025. Vyuo vyote vitatu vilikuwa na hoki.

Wakati huo huo wenye nguvu wanaendelea kusogea. St. Thomas ya Minnesota ilitolewa na ligi yake ya Daraja la Tatu 2019 kwa sababu ilikuwa kubwa mno kwa wenzake (kwenye futiboli ya Kimarekani ilishawahi kuwafunga St. Olaf 97-0). Ikaruka moja kwa moja hadi Daraja la Kwanza, ikapewa kiti cha nane cha CCHA mpya, ikapata zawadi ya dola milioni 75 za uwanja, na kuanzia msimu wa 2026-27 inahamia NCHC. CCHA nayo imeanza tena kuhesabu vichwa.

Kwetu chuo jirani kimefunga, na wikendi mbili kwenye ratiba yangu zimebaki nyeupe, moja ya Januari na moja ya Februari. Nimepiga simu saba. Kocha mmoja, mwendo wa saa nane kwa basi kutoka hapa, amesema watakuja Januari tukiwalipia hoteli usiku mmoja na chakula cha Jumamosi. Nimeiandika kwa penseli. Ya Februari bado naitafuta.