Uraibu wa heroini: maswali kuhusu dawa na sheria

Mtu akiacha ghafla na arosto ikapita, si amepona?

Hapana, na hapa ndipo familia nyingi huumia. Arosto, yaani mateso ya mwili ukikosa dawa uliyoizoea, kwa heroini huanza baada ya saa 8 hadi 12 hivi tangu dozi ya mwisho: miayo, kamasi, jasho, kisha kuharisha, kutapika na mifupa kuuma. Hukaza siku ya pili na ya tatu, na baada ya wiki moja hivi mgonjwa anaoga, anakula, analala. Ndugu wanashukuru. Lakini hamu bado ipo, na mwili umeshapoteza uzoefu wake wa unga, yaani heroini. Akirudia kipimo kilekile cha zamani, kinaweza kumuua. Ndiyo maana wiki za kwanza baada ya kutoka jela, alikokaa bila unga, ni za hatari sana.

Methadoni, dawa wanayopewa waraibu kliniki, si unga uliobadilishwa jina tu?

Ni ya jamii moja na heroini, na mwili huizoea pia; anayekataa hilo hasemi kweli. Tofauti iko kwenye mwendo wake. Heroini hupanda haraka na kushuka haraka. Methadoni ya kunywa hupanda polepole na kukaa takribani siku nzima. Mgonjwa anafika dirisha la kliniki, anakunywa mbele ya mhudumu, anasemeshwa kidogo ili ijulikane amemeza, kisha anakwenda kazini. Dozi ikipangwa vizuri, halewi.

Mwanzoni dozi huwa ndogo na hupandishwa taratibu, kwa sababu dawa hujilimbikiza mwilini. Wiki mbili za kwanza ziangaliwe sana, hasa kwa anayechanganya na pombe au vidonge vya usingizi. Buprenofini, dawa nyingine ya tiba hii inayowekwa chini ya ulimi, ni salama zaidi kwa upande wa pumzi, ila ikianzishwa wakati heroini bado imo mwilini huleta arosto kali ya ghafla. Daktari akikuambia usubiri kwanza, hakunyanyasi.

Atatumia hadi lini?

Miaka, pengine maisha yote. Anayekatishwa mapema kwa sababu tu ndugu wamechoka kusubiri, mara nyingi hurudi alikotoka.

Sheria inamruhusuje daktari kutoa dawa kama hiyo?

Mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa mwaka 1961 unazibana dawa hizi zitumike kwa tiba na sayansi tu, na tiba ndiyo mlango wenyewe. Itifaki ya mwaka 1972, iliyourekebisha mkataba huo, iliongeza kwamba nchi inaweza kumpa mraibu matibabu badala ya adhabu, au pamoja nayo. Haikuwa hivyo siku zote. Marekani, mwaka 1919, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumwandikia mraibu dawa ya kumtuliza tu si tiba, na madaktari wakashitakiwa. Ilichukua hadi mwaka 1965 ndipo madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walipochapisha matokeo yao ya methadoni kutoka New York. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliingiza methadoni na buprenofini kwenye orodha ya dawa muhimu.

Nikimpeleka kliniki, atakamatwa?

Kosa katika nchi nyingi ni kukutwa na dawa, na baadhi zinaadhibu hata kutumia. Ureno, tangu 2001, anayekutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe hupelekwa mbele ya tume, si mahakama ya jinai. Kwingine uliza kliniki kwanza inavyotunza siri. Na mgonjwa akipewa dozi ya kwenda nayo nyumbani, atembee na barua yake. Kuiuza ni kosa.

Je, mjamzito?

Asiache ghafla peke yake. Mimba inaweza kuharibika. Apelekwe aanzishiwe tiba. Mtoto anaweza kuzaliwa na dalili za arosto, nazo hutibika.

Akizidisha, nifanye nini?

Pumzi zikiwa chache, midomo ya bluu na mboni ndogo kama ncha ya sindano, piga simu ya dharura, mpe naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini, kama ipo, na msaidie kupumua. Maziwa na maji baridi havisaidii. Naloksoni huisha nguvu kabla ya dawa nyingi alizotumia, kwa hiyo hata akiamka na kukasirika, asiachwe peke yake hadi afike hospitali.