Mtoto akiamka na homa: lini abaki nyumbani, lini aende shule

Kila msimu wa mvua, walimu wa shule za msingi mkoani Kigoma hutueleza jambo lilelile. Mtoto ameamka mwili unachemka, mzazi amempa parasetamoli saa 12 asubuhi, joto limeshuka, naye amevaa sare na kuondoka akiwa mchangamfu. Mstarini anaimba na wenzake. Ifikapo saa 4 amelaza kichwa juu ya dawati huku meno yakigongana kwa baridi, na mwalimu wa zamu anahangaika kutafuta namba ya simu ya nyumbani. Parasetamoli hutuliza homa kwa saa 4 hadi 6 tu, wala haigusi ugonjwa ulioileta. Kwa sababu hiyo tunawaomba wazazi wamwache mtoto nyumbani hadi apitishe siku nzima bila homa, na bila dawa ya kuishusha.

Tunafahamu kwamba ombi hilo si jepesi kwa mama anayetakiwa kuwahi mwaloni kupokea dagaa, na kwamba wapo watoto wanaojikokota kwenda shule wakiwa wagonjwa kwa kuogopa kuadhibiwa kwa utoro. Shule ina wajibu wake hapa: ujumbe wa mzazi uliotumwa asubuhi utoshe kuwa taarifa, na mtoto aliyeugua asihesabiwe mtoro.

Homa nyingi za mkoa wetu hushukiwa kuwa malaria, na ni kweli kwamba Kigoma na Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Hata hivyo, si kila homa ni malaria, na hilo haliwezi kujulikana kwa kumshika mtoto paji la uso. Zahanati hutumia kipimo cha haraka, ambacho kwa tone moja la damu ya kidoleni hutoa majibu ndani ya dakika 20 hivi. Malaria haihami kutoka dawati hadi dawati, kwa kuwa huenezwa na mbu. Mtoto hubaki nyumbani kwa ajili yake mwenyewe, apumzike, ale, na ameze dawa mseto kwa ukamilifu. Dozi hiyo humezwa mara 6 ndani ya siku 3, pamoja na chakula, na mara ya pili ni saa 8 baada ya ile ya kwanza. Kosa tunalolikuta mara kwa mara ni kuacha dawa siku ya pili kwa sababu mtoto ameanza kucheza, na vidonge vilivyobaki kuwekwa kabatini kwa ajili ya mdogo wake.

Kuhara na kutapika ni jambo jingine kabisa, kwa maana hapo darasa zima limo hatarini. Wakazi wa mwambao hawajasahau Mei 2015, kipindupindu kilipozuka Kagunga, kijiji kilichokuwa kimefurika wakimbizi kutoka Burundi. Mtoto anayehara asirudi shule kabla ya kupita saa 48 tangu alipohara au kutapika mara ya mwisho. Apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti, yaliyochanganywa katika lita moja ya maji safi na salama, pamoja na vidonge vya zinki. Choo kikiwa kama maji ya mchele, asisubiri hata saa moja nyumbani. Nazo shule zihakikishe kibuyu chirizi kilicho nje ya choo kina maji na sabuni, kwani tumewahi kuvikuta vikiwa vimening'inia vikavu.

Surua huanza kama mafua: homa, kikohozi, macho mekundu, kisha vipele vinavyoanzia usoni. Mgonjwa huambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele hadi siku 4 baada yake, na katika muda huo asikaribie darasa. Mwenye tetekuwanga asubiri hadi malengelenge yote yakauke na kufanya magamba. Anayetoka tongotongo kutokana na ugonjwa wa macho mekundu, uliosambaa nchini mwanzoni mwa 2024, abaki nyumbani hadi macho yakauke, na asitiwe chochote jichoni ambacho hakikutolewa na mhudumu wa afya.

Kinyume chake, wapo watoto wanaozuiliwa nyumbani bila sababu. Mafua mepesi yasiyo na homa hayamkoseshi mtoto masomo, na mwenye mapunye aendelee kusoma mara aanzapo matibabu. Linalotuumiza zaidi ni mtoto mwenye kifafa. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate wala kwa povu la mdomoni, na mtoto anayemeza dawa zake kila siku anastahili kuketi na wenzake. Akianguka darasani, mwalimu amlaze ubavu, aondoe vitu vigumu vilivyo karibu, asimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na ahesabu dakika; degedege likizidi dakika 5, apelekwe hospitali.

Mtoto akiugua akiwa shuleni, asiruhusiwe kurudi nyumbani peke yake kwa miguu. Akae kivulini chini ya uangalizi wa mtu mzima hadi mzazi afike. Lakini akipumua kwa shida, akikakamaa shingo, akitapika kila anachokunywa au akiwa na usingizi mzito usio wa kawaida, mwalimu ampeleke kituo cha afya mara moja, na mzazi amkute huko.