Mashindano ya vijana ya kuonyesha ng'ombe: maana yake na namna yanavyoendeshwa

Mashindano ya vijana ya kuonyesha ng'ombe ni mashindano ambayo mtoto au kijana, mara nyingi wa kati ya miaka 8 na 18, humwingiza uwanjani ng'ombe aliyemlea mwenyewe kwa miezi kadhaa ili mwamuzi ampime. Wanaopimwa ni wawili. Kuna madaraja ambayo mwamuzi hutazama ng'ombe tu: umbo lake, mnofu, mwendo. Na kuna daraja ambalo mwamuzi humtazama mtoto: anavyomwongoza mnyama, anavyomtuliza, anavyojibu maswali. Wengi wanaosikia habari za mashindano haya hukumbuka upande wa ng'ombe kwa sababu ndiko kwenye fedha na picha za magazetini. Mimi naona uzito wake uko upande wa pili, na nitaeleza kwa nini.

Nchi ambako mambo haya yamekua hadi yakawa na msimu wake, sheria zake na biashara yake ni Marekani. Huko yanasimamiwa zaidi na vyama viwili vya vijana. Cha kwanza ni 4-H, ambacho mizizi yake inafuatiliwa hadi mwaka 1902 katika jimbo la Ohio, pale msimamizi wa shule A. B. Graham alipoanzisha klabu ya watoto wa shamba waliopanda mahindi na mboga na kupima udongo. Herufi nne za H zinasimamia kichwa, moyo, mikono na afya, na nembo yake ni jani la klova lenye pande nne. Sheria ya Smith-Lever ya mwaka 1914 iliunganisha kazi hiyo na huduma za ugani za vyuo vikuu vya majimbo, na ndiyo maana hadi leo klabu ya kaunti inalelewa na ofisi ya ugani. Chama cha pili ni FFA (awali Future Farmers of America, yaani Wakulima wa Kesho wa Marekani), kilichoundwa Kansas City mwaka 1928 kwa wanafunzi wanaosoma kilimo sekondari. Wanachama wake hutambulika kwa koti la buluu la kodroi. Wasichana walikubaliwa rasmi mwaka 1969, jambo ambalo ukilitazama leo unashangaa lilichelewa kiasi gani, maana katika viwanja vingi sasa wasichana ni wengi na wanashinda.

Ngazi ni tatu. Kwanza maonyesho ya kaunti, kisha ya jimbo, kama yale ya Iowa yanayofanyika Des Moines kila Agosti, halafu ya kitaifa: Denver mwezi Januari, Louisville mwezi Novemba, Madison huko Wisconsin kwa ng'ombe wa maziwa. Mtoto wa kawaida huishia kaunti, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Kazi yenyewe inaanza mbali na uwanja. Anayetaka kuonyesha ng'ombe wa nyama huchagua ndama dume aliyehasiwa, yaani maksai, mara nyingi akiwa na umri wa miezi 6 hadi 8 na uzito wa kilo 230 hadi 270 hivi. Anayetaka kubaki na mnyama wake huchagua mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Uchaguzi huu una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Mtamba anaweza kuonyeshwa mwaka huu, akazaa, akarudi mwakani na ndama wake, na kutoka kwake mtoto akajenga kundi. Maksai ana mwisho mmoja, nitaufikia.

Kila maonyesho huweka tarehe ya mwisho ya umiliki. Kwa maonyesho ya kiangazi, maksai wengi hupimwa uzito na kuvishwa hereni ya sikioni wakati wa baridi, miezi mingi kabla. Baadhi ya majimbo huchukua pia nywele za mnyama kwa ajili ya vinasaba au chapa ya pua, kwa kuwa mikunjo ya pua ya ng'ombe ni ya kwake peke yake. Lengo la yote haya ni kuzuia mzazi mwenye fedha asinunue ng'ombe aliyekwisha kunenepeshwa wiki moja kabla ya mashindano na kumkabidhi mtoto kamba. Uzito wa siku ile ya kwanza una kazi nyingine: siku ya maonyesho maksai hupimwa tena, na tofauti ikigawanywa kwa siku inaonyesha aliongezeka kiasi gani kwa siku. Kaunti nyingi hutoa tuzo ya peke yake kwa ongezeko hilo. Maksai aliyetunzwa vizuri huongeza kama kilo 1.4 hadi 1.6 kwa siku, na huingia uwanjani akiwa na kilo 545 hadi 635.

Ili afike huko lazima ale nafaka, na hapa ndipo watoto wengi hujifunza kwa machungu. Mahindi yakiongezwa ghafla, tumbo la ng'ombe hujaa asidi au gesi na mnyama anaweza kufa. Kwa hiyo chakula hubadilishwa kidogo kidogo, majani makavu yakiendelea kuwepo, maji safi yakiwepo wakati wote. Kila gunia linalonunuliwa, kila chanjo, kila ziara ya daktari wa mifugo huandikwa kwenye daftari la mradi. Mwisho wa msimu daftari hilo linaonyesha faida au hasara, na katika klabu nyingi linakaguliwa na kupewa tuzo yake. Mtoto wa miaka 10 anayeweza kukuambia kilo moja ya nyama imemgharimu kiasi gani cha chakula amefika mahali ambapo wafugaji wazima wengi hawajafika.

Sambamba na chakula kuna kufundishana. Ndama huvishwa hatamu, akafungwa kwa muda mfupi akiangaliwa, akazoea kamba, akaongozwa kwenda kwenye maji, kisha njia ndefu zaidi. Ng'ombe wa kilo 600 hashindwi nguvu na mtoto wa kilo 35, anakubali tu. Kukubali huko kunatokana na kuonana kila siku, asubuhi kabla ya shule na jioni baada yake. Kuna pia kuoshwa, kupulizwa hewa na kuchanwa nywele zisimame kuelekea mbele, kwa kuwa katika ng'ombe wa nyama nywele nzuri humfanya aonekane amejaa. Siku ya mashindano nywele za miguu hunyanyuliwa kwa gundi ya kupuliza na kupunguzwa kwa mashine mpaka mguu uonekane mnene na mgongo uonekane umenyooka. Baadhi ya kaunti zimepiga marufuku gundi kabisa: osha, kausha, ingia. Naziunga mkono, kwa sababu kupamba kwa gundi ni ufundi wa watu wazima wanaolipwa, na uwanja ni wa watoto.

Siku yenyewe ina mpangilio unaofuatwa karibu kila mahali. Wanyama hufika, daktari hukagua vyeti vya afya, hereni hulinganishwa na orodha. Maksai hugawanywa katika madaraja kwa uzito, mitamba kwa tarehe ya kuzaliwa, na mara nyingi pia kwa aina: Angus, Hereford, Shorthorn, Simmental, chotara. Waonyeshaji huingia kwa mstari wakizunguka kwa mwelekeo wa saa, kila mmoja akiwa kushoto kwa mnyama wake na namba yake imebandikwa mwilini. Mwamuzi ni mtu mmoja, tena kwa kawaida kutoka nje ya eneo lile. Huwatazama wakitembea, huwatazama kwa ubavu, kwa nyuma na kwa mbele, huwapapasa mgongoni na mbavuni kupima mafuta yaliyofunika mnofu. Kwa maksai anatafuta nyama nyingi pale penye bei, yaani mgongo, kiuno na tako, pamoja na mafuta ya kutosha bila kupita kiasi. Kwa mtamba anatafuta mama wa kesho: kifua kipana, miguu imara, kwato nzuri, mwendo mwepesi. Kwa ng'ombe wa maziwa anatazama kiwele kabla ya mengi mengine.

Halafu hufanya jambo ambalo ningependa liigwe katika mashindano yote ya mifugo duniani: hushika kipaza sauti na kueleza mbele ya umati kwa nini wa kwanza amemshinda wa pili, na wa pili amemshinda wa tatu. Mtoto aliyeshika nafasi ya sita anaondoka akijua sababu. Washindi wa madaraja hurudi pamoja kuwania ubingwa. Bingwa akichaguliwa, aliyekuwa wa pili nyuma yake katika daraja lake huitwa naye aingie kuwania nafasi ya makamu bingwa, kwa kuwa huenda ng'ombe wawili bora wa siku ile walikutana kwenye daraja moja.

Sasa lile daraja la mtoto. Huitwa umahiri wa mwonyeshaji, na hugawanywa kwa umri: wadogo, wa kati, wakubwa. Ubora wa ng'ombe hauhesabiwi. Mwamuzi anatazama kama mnyama ni msafi mpaka ndani ya masikio, kama mtoto anaacha nafasi ya kutosha kati yake na aliye mbele, kama anajua mwamuzi yuko wapi bila kumkodolea macho. Mwonyeshaji wa ng'ombe wa nyama hutembea ameshika kamba karibu na kichwa cha mnyama kwa mkono wa kulia. Akisimama, huihamishia kushoto, na mkono wa kulia hushika fimbo ndefu yenye kijiti cha kupinda mwishoni, ambayo haichapi. Hutumika kusogeza kwato moja moja mpaka mnyama asimame sawasawa, kisha humkuna tumboni atulie. Anayeonyesha ng'ombe wa maziwa huvaa nyeupe na hana fimbo.

Mwamuzi huuliza maswali. Alizaliwa lini? Anakula nini, kiasi gani? Ana kasoro gani? Swali hilo la mwisho ndilo zuri kuliko yote, kwa sababu mtoto asiyeona kasoro ya mnyama wake bado hajamtazama vya kutosha. Na mara nyingi huja amri ya kubadilishana: mpe mwenzako ng'ombe wako, chukua wake. Hapo ndipo inapojulikana nani amejifunza kuongoza ng'ombe na nani amezoewa na mmoja tu. Mnyama akigoma au akivuta, mtoto anayebaki mtulivu na kumrudisha mahali pake anaweza kupanda nafasi badala ya kushuka. Ng'ombe bora unaweza kumnunua kwa maelfu ya dola. Miezi ya kumpeleka majini kila jioni hainunuliki.

Tuzo ni tepe. Buluu ni ya kwanza, zambarau ni ya ubingwa. Kwa watoto wachanga zaidi katika kazi hii hutumika mfumo wa Denmark, ambapo kila mmoja hupimwa kwa kiwango kilichowekwa na si dhidi ya mwenzake, hivyo watoto wanne wanaweza wote kupata buluu.

Kisha mnada. Wafanyabiashara wa mji hununua maksai kwa bei ya juu kuliko soko, au hulipa nyongeza tu huku mnyama akienda machinjioni kwa bei ya kawaida. Huko Houston mwaka 2022 maksai bingwa aliuzwa kwa dola milioni 1, ila mtoto hupata kiasi kilichowekwa na waandaaji, na kinachozidi huingia kwenye mfuko wa masomo. Kaunti nyingi hazikaribii takwimu hizo hata kidogo. Maonyesho mengine yana sharti kwamba kila maksai aliyeingia shindanoni lazima achinjwe, asirudi nyumbani. Jioni hiyo utaona mabanda yenye watoto wanaolia shingoni mwa ng'ombe wao. Wapo wanaosema huo ni ukatili kwa mtoto. Sikubaliani nao, mradi ameambiwa ukweli tangu siku ya kwanza. Mtoto wa mfugaji anayejua nyama inatoka wapi, na aliyehakikisha mnyama aliishi vizuri, hajadanganywa.

Palipo na fedha pana udanganyifu. Mwaka 1994 maksai aliyekuwa bingwa mkuu Denver alinyang'anywa ubingwa baada ya kukutwa na klenbuteroli, dawa inayojenga misuli na kupunguza mafuta, isiyoruhusiwa kwa wanyama wa kuliwa kwa kuwa mabaki yake huweza kumdhuru mlaji. Tangu enzi hizo maonyesho makubwa huchukua mkojo wa washindi, na huchunguza pia mizoga. Katika majimbo mengi mtoto hawezi kushindana bila kupitia mafunzo ya utunzaji wa mifugo na usalama wa chakula.

Afrika Mashariki mawazo haya yalifika zamani. Klabu za 4-K za Kenya, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, zilichukua mfano wa 4-H, na mwaka 2021 serikali ilizizindua upya mashuleni. Viwanja vya maonyesho tunavyo, kuanzia Jamhuri jijini Nairobi hadi Nzuguni, Dodoma, na Themi, Arusha, kule Tanzania wakati wa Nanenane. Ng'ombe wazuri huletwa huko kila mwaka, mara nyingi wakiongozwa na wafanyakazi wa ranchi na taasisi. Kuanzisha mnada wa maksai wa watoto kungehitaji fedha nyingi na wanunuzi wenye moyo. Umahiri wa mwonyeshaji hauhitaji hivyo. Shule yenye mitamba miwili mitulivu inaweza kuwapa watoto kumi wapokezane kuwahudumia kwa muhula mzima, na siku ya maonyesho kila mtoto akaingia kwa zamu na yeyote kati ya hao wawili, afisa ugani akiuliza yale yale: amezaliwa lini, anakula nini, kasoro yake ni ipi.