Kuba Limejaa Gesi, Mbona Ugali Hauivi?

Mfugaji wa Njoro, Rongai au Bahati, huku Nakuru nchini Kenya, aliyejenga mtambo wa gesi ya samadi huwa na lalamiko moja: kuba, yaani chumba kilichofungwa ambamo samadi huchacha na gesi hukusanyika, limejaa, kipimo kinaonyesha presha nzuri, lakini sufuria ya maharagwe inashinda motoni. Wa kwanza kulaumiwa ni ng'ombe, wa pili ni fundi wa kuba. Kwa maoni yangu, kabla ya kuwagusa hao wawili, anza kukagua jikoni na kurudi nyuma kwa kufuata bomba.

Gesi asilia, kama ile ya Songo Songo nchini Tanzania inayofika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004, karibu yote ni methani. Gesi ya samadi ni methani pia, ila imechanganyika: asilimia 55 hadi 65 ni methani, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni kaboni dioksidi, ambayo haiwaki. Ndani yake mna pia mvuke wa maji, na haidrojeni salfaidi kidogo inayonuka kama yai viza. Gesi ya mtungi tunayonunua Nakuru na Kisumu si jamaa yao wa karibu; hiyo ni propani na butani. Mita moja ya ujazo ya gesi ya samadi hutoa joto la takriban megajuli 21. Gesi asilia hutoa kama 36, na mvuke wa gesi ya mtungi hupita 90.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Jiko la gesi ya mtungi lina nozeli, kipande kinachorusha gesi kwenye kichomeo, yenye tundu dogo sana, chini ya milimita moja, kwa sababu gesi yake ina nguvu na regulata huileta kwa presha ya takriban milibari 30. Ukiunganisha jiko hilohilo na gesi ya samadi yenye presha ya milibari 10, joto linalopita kwenye tundu hilo ni sehemu ndogo tu ya lile lililokusudiwa. Ili upate moto uleule, tundu la milimita 0.8 linahitaji kufika karibu milimita 2. Panua kidogo kidogo kwa keekee nyembamba, ukijaribu moto kila unapoongeza milimita 0.2, kwa sababu tundu lililopitiliza halirudi.

Nozeli peke yake haitoshi. Propani huhitaji hewa mara 24 ya ujazo wake ili iungue vizuri. Gesi ya samadi huhitaji mara 6 hivi. Kwa hiyo kifuniko cha hewa kilicho chini ya kichomeo lazima kibanwe. Halafu moto wa gesi ya samadi hutembea polepole, maana kaboni dioksidi inauzuia, na matundu membamba ya kichomeo cha gesi ya mtungi huirusha gesi kwa kasi kuliko moto unavyoweza kuifuata. Utaona moto ukiinuka, ukiachana na kichomeo, kisha ukizimika. Punguza hewa kwanza, kisha presha kwa kutumia koki. Ukiona kinyume chake, yaani moto mrefu wa manjano unaopaka sufuria masizi, fungua hewa. Mimi nashauri ununue kichomeo kilichotengenezwa kwa gesi ya samadi tangu mwanzo, chenye matundu makubwa. Na jiko lililopanuliwa nozeli lisirudishwe kamwe kwenye mtungi: litatoa moto wa kuunguza jikoni.

Jiko likiwa sawa lakini moto bado unarukaruka, bomba lina maji. Gesi hutoka kuba ikiwa na mvuke mwingi, hupoa njiani, na maji hukusanyika pale bomba linapobonyea. Bomba linapaswa kuinama angalau sentimita moja kwa kila mita kuelekea kwenye mtego wa maji, na mtego uwe sehemu ya chini kabisa, penye koki ya kumwagia. Kipimo rahisi ni mpira mwangavu uliokunjwa mfano wa herufi U na kutiwa maji. Uunge karibu na jiko. Soma jiko likiwa limefungwa, kisha ulifungue. Presha ni tofauti ya kimo cha maji pande mbili za U, na sentimita moja ni kama milibari moja. Ikishuka kutoka sentimita 60 za maji hadi 5, kuna kizuizi au bomba ni jembamba mno. Maji ya kipimo yakichezacheza, mwaga mtego. Presha ikishuka taratibu wakati kila kitu kimefungwa, gesi inavuja. Pakaza povu la sabuni kwenye viungo. Usitafute uvujaji kwa kiberiti, kwani methani ikifika asilimia 5 hadi 15 ya hewa hulipuka.

Sasa ndipo tufike kwa ng'ombe. Ng'ombe wawili wa maziwa wanaolishwa zizini hutoa samadi ya kama kilo 40 kwa siku. Ichanganye na maji lita 40, upate tope lita 80 na gesi ya takriban mita 1.5 za ujazo, inayotosha kichomeo kimoja kwa saa nne hivi. Kwa hesabu ya joto, hiyo ni kama gramu 700 za gesi ya mtungi: mtungi wa kilo 13 kwa siku 19. Ng'ombe wanaochungwa mchana huacha nusu ya samadi malishoni, na hesabu hii huvunjika.

Baridi nayo huchelewesha. Vijidudu vinavyotengeneza methani hupenda joto la nyuzi 35, na chini ya 15 karibu vilale. Kisumu kwenye joto, tope likae siku 40 linatosha. Molo kwenye baridi, lipe siku 60 au zaidi, yaani nafasi ya tope ya lita 4,800 badala ya 3,200. Changanya tope asubuhi, liache juani, ulimwage mtamboni alasiri likiwa na vuguvugu. Maji ya kuogeshea ng'ombe yenye dawa ya kupe, sabuni ya vyombo vya maziwa, na samadi ya ng'ombe aliyedungwa antibiotiki visiingie humo. Huua vijidudu, na mtambo huchukua wiki kadhaa kupona.

Mtambo mpya hutoa kwanza gesi isiyowaka. Iachie nje, mbali na moto, mpaka ile inayofuata ishike jikoni. Na mtu asiingie ndani ya kuba kufukua tope, hata kama liko wazi tangu jana: haidrojeni salfaidi na ukosefu wa oksijeni huua kabla hajapata nafasi ya kuita, na anayemfuata kumwokoa huangukia hapohapo.